Godoro la chomboni: sponji au mpira wa asili, na unyevu wa chini yake?

Dau Dogo: Ndugu wanajukwaa, nataka kubadilisha godoro la chumba cha omo, yaani cha mbele ya mashua, nami nasita kati ya la sponji na la mpira wa asili. Hili la sasa nikiliinua asubuhi nalikuta limelowa upande wa chini, ilhali mashua haivuji hata tone. Ninunue lipi?

Msumari wa Shaba: Ndugu mleta mada, hujasema mnalala wangapi, mara ngapi, wala godoro limekaa juu ya nini. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Dau Dogo: Niwieni radhi. Tunalala wawili kila usiku juu ya plaiwudi isiyo na tundu, na mvunguni mna tangi la maji.

Msumari wa Shaba: Basi huo ni mvuke wa miili yenu, ambao hupenya godoro na kugeuka matone unapokutana na ubao uliopozwa na tangi. Godoro jipya nalo litalowa vilevile usipoipa hewa njia.

Omo na Tezi: Hata hivyo mimi nasimama na mpira wa asili, kwa kuwa haubonyei upesi.

Msumari wa Shaba: Ni mzito, ndugu yangu. Godoro la chomboni huinuliwa kila asubuhi lipigwe na hewa, na la sponji lililokatwa vipande viwili huinuliwa kwa mkono mmoja.

Kaskazi: Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilitandika nailoni kati ya godoro na ubao nikidhani nazuia unyevu, na wiki tatu baadaye nikakuta maji yametuama juu ya nailoni, huku kitambaa cha godoro kimeota kawa nyeusi mfano wa pilipili manga iliyosagwa. Nikaliosha kwa maji ya bahari, kosa la pili, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani, na godoro lile halikukauka tena. Siku hizi natumia chaga.

Omo na Tezi: Mkeka wa usumba unatosha.

Kaskazi: Unapitisha hewa, lakini ukilowa hukawia kukauka. Afadhali ule wa nyuzi ngumu za plastiki, wenye unene wa sentimita 2 hivi.

Dau Dogo: Nikitoboa ubao je?

Msumari wa Shaba: Pima kwanza nafasi iliyopo kati ya ubao na tangi.

Dau Dogo: Nimepima, na kidole kimoja kinaingia kwa shida.

Kaskazi: Matundu hayatakufaa hapo. Weka chaga za sentimita 4 juu ya ubao.

Dau Dogo: Tayari mwenzangu akiketi kitandani nywele zake zinagusa dari.