Sailensi ya gari: throtobodi ya kebo yenye IAC au ya umeme?

Mdau_Buzuruga
Wakuu, natafuta gari la mizunguko ya mjini: foleni ya Mabatini hapa Mwanza, AC muda wote. Nimebakiza mbili, Corolla 110 ya 5A-FE na Axio ya 2007. Kwenye 110 pedeli inavuta kebo ya throtobodi (mlango wa hewa ya injini), na sailensi (mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya pedeli) inaamuliwa na vali ya IAC inayopitisha hewa pembeni ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga hewa humo. Axio haina kebo wala IAC, mota ndiyo inayokifungua kipepeo chenyewe. Kwa sailensi tu, ipi haitanisumbua?

Fundi_Kirumba
Kwa AC muda wote, Axio. Injini ikishapata moto na AC imezimwa, zote mbili zinatakiwa zikae kama 650–750 RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ukiwasha AC zipande hadi 800–900. IAC ina njia nyembamba ya hewa. Masizi yakijaa inachelewa, kompresa ya AC ikishika mshale wa RPM unaporomoka hadi 500, gari linatetemeka au linazima kabisa.

Axio inasumbua ukishasafisha throtobodi yake. Masizi yanapoongezeka, kompyuta inazoea kukifungua kipepeo zaidi. Ukiyatoa, hewa inazidi na sailensi inakwea 1,200 au zaidi, hapo fundi wa kubahatisha anakuuzia throtobodi ya mtumba. Chomoa hasi ya betri dakika moja au zaidi, rudisha, washa bila kugusa pedeli, acha iungurume mpaka feni ya rejeta iwake. Na usisukume kipepeo kwa kidole, hasa swichi ikiwa on. Gia za ile mota nyingi ni za plastiki.

Sangara110
Mkuu, IAC umeionea. Ni kazi ya mchana mmoja na kopo moja la dawa ya kusafishia kabureta. Subiri injini ipoe, maana mipira ya maji ya rejeta inapita pale. Toa throtobodi nzima, geuza, IAC iko chini. Skrubu zake zinakufa kichwa haraka, tafuta bisibisi inayokaa sawasawa. Pulizia njia ya hewa mpaka vali izunguke laini, ila koili usiiloweshe. Gasketi weka mpya. Ya zamani ikirudi, itavuta hewa au itavujisha maji.

Kupima: injini ya moto, unganisha kwa waya tundu za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti. RPM inapanda 1,000–1,300 kwa sekunde kama tano, kisha inarudi. Isipotikisika, IAC imekufa au waya umekatika.

Igoma_Waya
Mnasafisha kabla ya kutafuta hewa inayoingia kwa wizi. Sailensi ikipanda na kushuka kwa mpigo, tuseme 1,000 hadi 1,800, kompyuta inaona pedeli haijakanyagwa na RPM iko juu, inakata mafuta. RPM ikishuka inayarudisha, na mchezo unaanza upya. Hapo kagua mipira ya vakyumu iliyopasuka na maji ya rejeta. Maji yakipungua, sensa ya joto inabaki kwenye hewa, inasoma mara baridi mara moto.

Gari zenyewe zinatofautiana hapa. 110 inapima presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), kwa hiyo hewa ya wizi inapandisha sailensi tu. Axio inapima hewa inayopita kwenye sensa ya MAF. Iliyoingia baada yake haihesabiwi, injini inakosa mafuta, inatikisika, na mashine ya kupimia inasoma kodi ya hitilafu P0171 (mafuta kidogo kwa hewa iliyopo). Nyunyiza maji kidogo kwenye mipira na gasketi ya manifoldi, mlio ukibadilika umeshapapata.

Fundi_Kirumba
Sawa, hilo nakubali. Kabureta, inayochanganya mafuta na hewa bila kompyuta, ndiyo ingekuwa kesi nyingine: iliyosetiwa Dar ikifika huku Mwanza, ziwa likiwa mita 1,134 juu ya bahari, inazidisha mafuta kwa hewa iliyopo. Hizi mbili zinajirekebisha.

Mdau_Buzuruga
Na ile skrubu ndogo inayozuia kipepeo? Kuna fundi anasema ataiminya sailensi ikae.

Sangara110
Asiiguse. Ukiikaza, sensa ya kipepeo haioni tena kwamba mguu umetoka kwenye pedeli, na kompyuta inaacha kuisimamia sailensi. Ukienda kuiona 110, mulika tochi pale. Ukikuta alama za bisibisi, kuna mtu alishaficha tatizo. Shusha bei au achana nayo.

Mdau_Buzuruga
Nimeelewa. Jumamosi naenda na tochi na mashine ya kusomea kodi za hitilafu.