Beji ya fedha ya 1916: namba ya nyuma ni ya nini?

Kijana_wa_Leicester
Habarini wakuu. Nimenunua beji kwenye gulio la Jumapili hapa Leicester, pauni 15. Ni duara, katikati kuna herufi GRI zilizosukana na taji juu yake, pembeni FOR KING AND EMPIRE, SERVICES RENDERED. Nyuma kuna pini na namba, jina hakuna. Muuzaji anasema ni ya askari aliyejeruhiwa vita ya kwanza. Nimepigwa? Nataka kuing'arisha na Brasso.

Mzee_wa_Medali
Brasso iache huko huko kabatini! Weusi ulio kwenye mikunjo ya herufi usiuguse, wanunuzi wanaupenda.

Hujapigwa, ilimradi namba imegongwa kwenye fedha yenyewe. Nakala za kumimina nyingi nyuma ni tupu, na matundu kati ya herufi yana kingo butu.

Ila muuzaji kakupa nusu ya habari. Walipewa walioachishwa jeshi kwa majeraha *au* maradhi. Ilivaliwa kifuani kulia, kwenye nguo za kiraia tu, maana kulikuwa na wanawake wanawagawia manyoya meupe vijana wasio na sare, kuwaita waoga. Fikiria umerudi na mapafu yameharibika, halafu unakabidhiwa unyoya kwenye basi.

Mali yako ni hiyo namba. Ukiitafuta kwenye orodha za beji hizi (jalada namba WO 329), Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Kew, London, unapata jina, kikosi, tarehe ya kuingia na kutoka, na sababu. Ukiona "392 xvi", maana yake afya haimruhusu tena kupigana. Namba ikianza na RN, ni jeshi la majini. Mafaili mengi ya askari yaliungua London ilipopigwa mabomu 1940, kwa hiyo mistari hiyo michache si haba.

Bint_Tanga
Shikamoo mzee. Ninayo ya Kijerumani, nyeusi, kofia ya chuma juu ya panga mbili. Nimeambiwa ni ya askari wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki vita ya kwanza.

Mzee_wa_Medali
Marahaba mwanangu. Beji yenyewe inaweza kuwa halali: nyeusi ni majeraha 1 au 2, ya fedha 3 au 4, ya dhahabu kuanzia 5. Lakini ilianzishwa Machi 1918, na wakati huo Lettow na watu wake walikuwa wanakimbizana na Waingereza porini Msumbiji. Nani angewapelekea beji huko? Na kwa kuwa haina namba wala jina, hakuna pa kuifuatilia. Hiyo hadithi usiilipie hata senti.

Kijana_wa_Leicester
Nimeangalia kwa lenzi, namba imegongwa. Brasso nimeirudisha.