Dar hadi Mtwara kwa kufuata pwani, mimi na jamaa yangu: tuchukue IST au tupande mabasi?

Begi_Mgongoni
Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaoijua njia ya kusini.

Mimi na jamaa niliyesoma naye chuo likizo zetu zimeangukia wakati mmoja, siku kumi mwezi wa saba. Tumekubaliana kushuka na pwani: Dar, Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara mjini, na tukiwa bado tuna nguvu tumalizie Msimbati. Kila mtu ana laki nne na nusu na begi la mgongoni. Hema ni moja la watu wawili. Zanzibar tumeshafika, Bagamoyo tumeichoka, huku kusini hatujui hata stendi moja.

Tumekwama sehemu mbili. Kwanza, yeye anataka tuazime IST ya dada yake, anasema tutasimama popote tutakapoona bahari nzuri. Mimi nataka basi, Noah na boda. Pili, ameshatengeneza ratiba yenye saa: saa mbili chai, saa tatu magofu, saa sita tumeondoka. Ratiba za hivyo mimi ninazo kazini. Hatujagombana, ila tangu juzi hakuna aliyemtumia mwenzake meseji.

Gari au basi? Na hema tunaweza kulipiga wapi bila kufuatwa na mgambo usiku?

Mvuvi_Mstaafu
Kijana, hapo kwenye "tutasimama popote tutakapoona bahari" ndipo mlipopotea. Barabara hiyo ni ya pwani kwa jina. Mkitoka Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, mkavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, bahari hamjaiona. Mtaona mikorosho na watoto wanaouza vitu dirishani. Inakuja kusogea Somanga, mnakula samaki wa kukaanga pale, halafu barabara inaikimbia tena. Bahari ya kusini lazima uiache njia kuu uifuate. Nangurukuru mnakata kushoto kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Mkiamua kwenda moja kwa moja Lindi kwa sababu ratiba inasema saa sita, mmeiruka Kilwa nzima.

Siku kumi mnataka vituo vitano. Mimi ningewapa Kilwa siku nne, Mikindani na Mtwara tatu, zinazobaki ni za barabarani na za kulala tu Lindi mnaangalia watu.

Kiduku77
Mkuu chukueni IST, maisha mafupi 😂 Full AC, muziki wenu, mkichoka mnalala humo humo.

Dada_wa_Mchinga
Kiduku77 usimpoteze mwenzio. Mimi kwetu ndiko huko. Mvua za 2024 na kile kimbunga cha Hidaya cha mwezi wa tano barabara ilikatika Somanga, magari yakalala foleni, watu wakalala na watoto njiani. Mwezi wa saba ni kiangazi, hilo halina shida sana, ila IST iko chini. Ukishaacha lami ni mchanga. Msimbati ndiyo kabisa, gari ndogo ikizama pale utatafuta vijana wa kusukuma na hawasukumi bure. Halafu gari la mtu linakufunga: huwezi kuliacha Masoko ukavuka kisiwani ukalala huko na roho ikatulia.

Basi la kusini mnapandia Mbagala Rangi Tatu. Kateni tiketi mapema, na mkae upande wa kushoto, jua la asubuhi litawachoma kidogo ila mchana mtanishukuru. Lindi kwenda Mtwara kuna Coaster na Noah siku nzima. Noah inaondoka ikijaa, na kujaa kwa huku maana yake mnakaa wanne kiti cha watatu.

Hema: usilipige sehemu yoyote kimya kimya. Ukifika kijijini nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, jitambulishe, onyesha kitambulisho. Pwani vijiji vingi vina BMU, kikundi cha wavuvi kinacholinda ufukwe. Hao ndio mgambo wako, wakikujua wanakulinda. Msimbati ni jirani na mpaka wa Msumbiji, na kwa mashambulizi yaliyotokea Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka, watu wa huko wanamtazama mgeni mara mbili. Siyo ubaya. Ripoti tu mapema na usifike giza limeingia.

Begi_Mgongoni
Dada_wa_Mchinga asante sana, hiyo ya BMU sikuwahi kuisikia. Kilwa Kisiwani, kwenye yale magofu, panahitaji siku nzima kweli? Jamaa kaipa masaa mawili.

Mvuvi_Mstaafu
Masaa mawili! Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji, rafiki yako anataka aumalize kabla ya chakula cha mchana.

Sikiliza. Kibali mnachukua Masoko kwanza, ndipo mnatafuta chombo na mtu wa kuwatembeza. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unapanda kadiri jua linavyopanda. Vukeni asubuhi bahari ikiwa bado shwari. Na kabla ya kupatana na nahodha ulizeni maji. Kama ni bamvua na maji yametoka, chombo kinasimama mbali, mnavua viatu mnatembea kwenye tope mabegi kichwani. Mimi nilimwona mgeni mmoja kakanyaga chaza kwa mguu mtupu, siku yake iliishia pale. Chukueni ndala za kufunga nyuma, siyo za kuchomeka.

Huko kuna msikiti mkuu wenye makuba ya mawe ya matumbawe, kuna ngome ya zamani inayoitwa Gereza karibu na maji, na ukitembea mashariki unafika Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali. Kuna birika la pembe nane ndani. Kaa kwenye ukingo wake robo saa bila simu, upepo unapita kwenye vyumba visivyo na paa. Hawa watu walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1944 ziliokotwa chache kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje.

Kivinje nayo msiiruke. Nyumba za Wajerumani zinabomoka taratibu na baharini watu wanaunda mashua. Mkiwa njiani basi litapita Muhoro, ndipo Kinjikitile, yule wa vita vya Maji Maji, aliponyongwa mwaka 1905.

Pweza_wa_Lindi
Naongezea chakula maana wote mmesahau. Stendi za Lindi na Mtwara ulizieni ming'oko. Ni viazi vya porini vyembamba, vinachemshwa, unamenya kwa meno unavuta. Mara ya kwanza utasema ni mizizi, mara ya pili utanunua mafungu mawili. Mikindani tembeeni kwa miguu, mji mdogo, kuna boma la Mjerumani la 1895 kilimani na ghuba yote iko chini yako. Livingstone alianzia pale safari yake ya mwisho mwaka 1866.

Nimeshatembea
Mimi nizungumzie hiyo ya urafiki, maana njia mtaifahamu tu.

Nilienda njia hii hii na mshkaji wangu wa miaka nane. Begi lake lilikuwa na spika, jiko la gesi, jeans nne na pasi. Narudia, pasi. Siku ya tatu Kivinje tulikuwa hatuongei, na kisa hakikuwa begi. Kisa ni kwamba kila soda nalipa mimi halafu yeye anasema "tutapigiana hesabu." Lindi tukapeleka begi lake ofisi ya basi likarudishwa Dar kama mzigo, akabaki na mfuko wa rambo na shuka. Jioni hiyo tukaweka elfu hamsini kila mmoja kwenye soksi moja, kila kitu cha pamoja kinatoka kwenye soksi, ikiisha tunajaza. Hatukugombana tena.

Kuhusu ratiba, mpe asubuhi. Kibali, tiketi, nahodha, hayo yanataka mtu wa saa kama yeye. Kuanzia saa saba mchana ni zamu yako na hakuna kuulizana tunaenda wapi.

Begi_Mgongoni
Mrejesho kidogo wakuu. Nimemtumia uzi huu wote. Kakaa kimya saa nzima, halafu kaandika: "Sawa, basi. Ila asubuhi ni zangu." Kilwa tumeipa siku nne, Msimbati tutaamua tukiwa Mtwara. IST inabaki kwa dada.

Kuna jambo moja tu kakataa kata kata. Anasema pasi hana, lakini spika anakuja nayo.

Dada_wa_Mchinga
Mwambie sawa, ila kwenye Noah ya Mtwara aipakate mwenyewe.