Tupeane uzoefu: Wazee wa vijijini Ireland walivyotusimulia siagi na ujenzi wa kanisa

Wakuu mnaoishi Ireland, hasa nje ya miji, tukusanye hapa simulizi za wazee kabla hawajatutoka. Wengi wetu tunawahudumia, na wanafurahi sana wakiulizwa.

Naanza, niko Kerry. Bibi mmoja ninayemhudumia amenieleza kazi ya mama yake. Maziwa yaliachwa yatulie, malai yakaenguliwa na kukusanywa siku kadhaa hadi yachachuke kidogo, kisha yakatiwa kwenye pipa la mbao lenye mchi mrefu unaopita kwenye tundu la kifuniko. Ukifika wakati wanasukasuka, sharti useme "Mungu aibariki kazi" na ushike mchi japo kidogo. Ukiondoka hivihivi, watu waliamini umeondoka na siagi yao. Mtindi uliobaki walinywa na kukandia mkate wa magadi.

Wa Cork: Siagi yenu ya Kerry ilikuja huku kwa farasi! Soko la siagi la Cork lilianza 1770 na kufungwa 1924. Kila pipa lilikaguliwa na kupewa daraja kabla ya kupelekwa ng'ambo. Wazee wa hapa wanasema siagi ndiyo iliyolipa kodi ya shamba.

Wa Mayo: Mimi nina la kanisa. Enzi za sheria za kuwabana Wakatoliki, misa ilisomewa kwenye jiwe mlimani. Baada ya 1829, Wakatoliki walipopewa haki zao, makanisa ya mawe yakazidi kujengwa. Jirani yangu alisimuliwa na babu yake: mwenye farasi alisomba mawe na mchanga, asiye naye alitoa nguvu zake, na akina mama wakachanga pesa ya siagi na mayai. Wananchi walikuwa maskini kweli, nami nawaheshimu sana kwa hilo.

Wa Lodwar, sasa Wicklow: Mapadri wa Kiltegan (Shirika la Mtakatifu Patrick) waliotujengea makanisa Turkana, Kenya, makao yao ni mkoa huu huu. Shirika lao lilianzishwa hapa 1932.

Wa Limerick: Hiyo pesa ya siagi ya akina mama aliyoitaja wa Mayo ina mwisho wake. Mwaka 1889 kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika kilifunguliwa Dromcollogher, huku kwetu. Vikaenea nchi nzima. Wanaume wakawa wanapeleka maziwa asubuhi kwa mkokoteni wa punda, wanapanga foleni na kupeana habari, wanarudi na maziwa yaliyotolewa malai kwa ajili ya ndama na nguruwe. Mzee mmoja aliniambia bibi yake hakuusamehe ushirika: siagi aliiuza mwenyewe, lakini malipo ya kiwanda yalikuja kwa jina la mumewe.