Turi (mashine ya kukereza chuma) ya zamani ya Likasi, turi mpya ya Kichina, ao kwanza niende kujifunza kwa mzee? (Lubumbashi)

Mwana_Katuba
Jambo bote. Minaomba mawazo yenu maana feza haiko mingi na sitaki kuipoteza. Mi niko mutu wa sudure (kuchomelea chuma), miaka 4 sasa hapa Katuba, milango, madirisha, remorki za pikipiki. Kila mara kazi ikikuja na shafti ao puli ya kutengeneza minaipeleka kwa bengine, bo banakula feza, mi minabakia kungojea na kiliya (muteja) anapiga simu kila saa. Basi nataka nijue kukereza mi mwenyewe, na mbele nifike hata kutengeneza matrisi (kalibu za chuma) na vifaa. Niko na njia tatu. Moja, kuuza turi ya zamani iko Likasi, banasema ni ya Bazungu, nguvu sana. Mbili, turi ndogo mpya ya Kichina, ile ya kuweka ku meza. Tatu, niingie kwa mzee moja wa Kampemba, turneri (fundi wa turi) wa zamani wa Gécamines (kampuni ya serikali ya madini), anaomba dola 60 ku mwezi, anasema mwaka na nusu. Nifanye nini?

Bongo_Kerezo
Kaka habari, nipo Dar. Hiyo lathe ya Likasi unauza bei gani? Nina jamaa yangu anapita Tunduma mwezi huu, gari linarudi tupu, tukielewana anaweza kuja mpaka Kasumbalesa.

Mwana_Katuba
Hapana yaya, mi njo nataka kuuza. Mwenyewe wa Likasi njo anauzisha.

Bongo_Kerezo
Hapo ndo umenivuruga kabisa. Unauza ama huuzi?

Mama_Filete
Bongo, huku kwetu kuuza ni kununua, na kuuzisha njo kuuza. Usikuje Lubumbashi na feza mu mufuko bila kujua ile, utatoka na kintu hukuitaka.

Mwana_Katuba, umeandika mingi lakini hujasema kitu. Ile turi ni marki gani? Kutoka pointi mpaka pointi (ncha mbili zinazoshika chuma) ni santimetre ngapi? Motere ni trifaze (umeme wa fezi tatu) ao monofaze (fezi moja), na kwako umeme uko wa namna gani? Bei? Na vipimo je, uko na palmeri (mikrometa ya kupima unene), ao unapima na metre ya mushona nguo?

Mwana_Katuba
Marki sikuona muzuri mama, rangi imefunika. Iko ya kijani. Urefu kama mutu muzima amelala. Motere mwenyewe alisema "itazunguka tu". Anaomba 2800. Kwangu ni monofaze. Palmeri siko nayo, niko na piyekulisi (kipimo cha kuteleza).

Mama_Filete
Ya chuma ao ya plastiki?

Mwana_Katuba
Ya plastiki.

Turneri_Mzee
Ya kijani! Mwanangu, nusu ya turi za dunia hii ziko za kijani.

Sikiya. Ulisema unataka kufika ku matrisi. Basi ujue mi nilianzaka wapi: miezi sita sikugusa turi. Nilipewa tupa, eto (jiliwa), na kipande cha chuma, banasema toa hapa kibu (umbo la dadu) ya milimetre 40 pande zote. Unapiga tupa, unaweka ekeri (kipimo cha pembe mraba) juu, unainua ku dirisha. Mwangaza ukipita chini ya ekeri, unarudia. Ukirudia sana kibu inakuwa ya 38, unaitupa unapewa chuma ingine. Mi nilitupa tatu. Ya ine ile musimamizi aliichukua, akaiangalia, akaiweka mu tiruwari (droo) yake bila kusema neno, na mi nikajua imepita. Ile mikono njo inakusaidia mbele, maana matrisi ya kukata rondeli (washa) haitoki tu mu mashine, pale kati ya ponso (chuma cha juu kinachopiga) na matrisi unaacha nafasi ndogo sana, kwa tole (bati) ya milimetre 1 ni santiemu (sehemu ya mia ya milimetre) tano ao zaidi kidogo kila upande, na kuimaliza ni mukono na tupa na jiwe. Dola 60 ku mwezi kwa mutu anaejua ile, mi naona ni bure.

Masini_Mpya
Mzee heshima yako lakini tuseme ukweli, ku atelie mingi mwanafunzi anafagia taka ya chuma mwaka muzima, anatumwa maji, anaosha pikipiki ya patro, na siku ya kugusa mandrini (kichwa cha turi kinachoshika chuma) haifiki. Mi nilipita pale (siseme wapi). Mwaka na nusu mara 60 ni dola 1080, karibu bei ya turi ndogo mpya. Ile ndogo unachomeka ku prize ya nyumba, monofaze 220, unaweka mu chumba, usiku watoto balale wewe unajifunza. Ukiharibu chuma ni chako, hakuna wa kukutukana. Mi njo nilifanya vile na leo minatengeneza bushi za bronze kwa magari.

Mama_Filete
Bushi ndiyo. Puli ya mulini je? Zile ndogo nyingi kipenyo kikubwa inashika juu ya banki (kitanda cha turi) ni kama milimetre 210, na ile ni banki, juu ya sharioti (sehemu inayobeba kisu) inapunguka tena. Na kisha nguvu. Chukua hesabu ya kila siku: chuma laini, bureni (kisu cha kukata) ya asie rapidi (chuma kigumu cha kukatia), mwendo wa metre 25 ku dakika. Elfu moja mara 25, gawanya na 3,14 mara kipenyo. Kwa shafti ya 40 inakupa mizunguko kama 200 ku dakika. Ile motere yao ya kuzungusha na kibutoni, ku 200 nguvu inakuwa imeisha, ukikata kwa nguvu kidogo inasimama. Sisemi ni mbaya. Kwa kujifunza kunoa bureni na kusoma kipimo, iko muzuri. Kwa kula nayo mu Katuba, kwa watu wa puli na remorki, hapana.

Masini_Mpya
Yangu haijasimama hata siku moja.

Mama_Filete
Kwa bushi, nimekusikia.

Rulma_6205
Acha niseme yangu maana naona ndugu huyu anataka kupita fasi nilipita. Mi niliuza turi ya zamani mu atelie moja ilifungaka Kolwezi, nzito, watu saba na baramini (mtaimbo) kuipandisha ku kamio. Trifaze, kwangu hakuna, nikauza varyateri (kifaa cha kugeuza monofaze kuwa trifaze). Sawa. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mufalme wa kartie, buloni, bushi, kila kintu.

Kisha mama moja wa mulini ya mahindi akaleta shafti yake imekatika, rulma (beringi) zake 6205, maana yake fasi ya rulma ni milimetre 25, na kwa kubana vizuri unapaswa kuiacha 25 na santiemu moja hivi juu. Nilikuwa na haraka, banamama banangoja na mabeseni ku mulini, nikakata kwa nguvu bila maji ya sabuni, chuma kinatoka cha bluu, nikapiga palmeri pale pale: 25,01. Nikafurahi. Nikaenda kulala. Asubuhi kabla ya kuingiza rulma nikasema nipime tena kwa roho safi: 24,99. Nilizani palmeri imeanguka usiku. Palmeri haikuwa na kosa, mi njo nilipima chuma moto. Chuma kinavimba mikrone (sehemu ya elfu ya milimetre) kama 12 kwa kila metre kwa kila digri moja, kwa 25 ni kidogo, lakini kama shafti imepanda digri 60 juu ya asubuhi, ni mikrone 18, karibu santiemu mbili, na santiemu mbili njo tofauti ya rulma inayobana na rulma inayocheza. Ju ya ile bachoraji ba mipango banahesabu vipimo vyote ku digri 20.

Sasa ubaya niliofanya. Badala ya kuanza shafti ingine nikachukua pwenta (chuma chenye ncha) na nyundo, nikapiga madoa madoa kuzunguka fasi ya rulma ili chuma kiinuke, ile ujanja kila mutu anaijua na kila mutu anaikana. Rulma ikabana. Siku ya ine mulini ikaanza kulia, ya tano rulma ikazunguka yenyewe juu ya shafti na kuila. Yule mama alikuja ku atelie, hakupiga kelele, alikaa ku chini pale mulangoni na beseni yake ya mahindi juu ya magoti mpaka saa kumi na moja. Wateja bengine banaingia banamuona banauliza. Kwa kweli kupiga kelele kungenifaa zaidi.

Nikaanza shafti ya pili, pole pole, na maji. Pale njo niliona ugonjwa wa pili: upande wa kontrapointi (ncha inayoshikilia chuma mwisho) 25 sawa, upande wa mandrini iko nene santiemu sita. Banki ililiwa pale karibu na mandrini, fasi sharioti inafanyaka kazi miaka yote, bureni inashuka na kurudi nyuma kidogo. Nikamaliza na tupa na karatasi ya sanda, siku mbili kwa kazi ya masaa matatu.

Kwa hiyo ukienda Likasi usiangalie rangi. Funga chuma mu mandrini, kitoke kama santimetre 15, kikereze kola (pete) mbili, moja mwanzo moja mwisho, bila kugusa fidi (kina cha kukata) ya bureni katikati, na bila kontrapointi. Ngoja kipoe. Pima zote mbili. Kisha weka komparateri (saa ya kupima mutikisiko) juu ya mandrini, ingiza baramini fupi uinue kidogo, uone kama sindano inaruka.

Mwana_Katuba
Yaya ile komparateri nitaitoa wapi?

Turneri_Mzee
Kwa mzee wa Kampemba.

Bongo_Kerezo
Jambo lingine mdogo wangu, angalia ile skrubu ndefu ya mbele inayovuta wakati wa kukata nyuzi. Mashine nyingi zilizopita Zambia na Afrika Kusini ni za Uingereza, skrubu yake ni ya inchi. Huku kwetu zimejaa. Ukitaka kukata M10 (bolti ya milimita 10) ya nyuzi za milimita 1,5 kwa skrubu ya inchi, itoke kamili, lazima uwe na gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni 25,4 na ukiizidisha kwa tano inatoka 127, namba ya kwanza kamili. Muuzaji akikosa hiyo gia, punguza bei. Na usichanganye bureni za nyuzi, metriki ni digrii 60, Whitworth (nyuzi za Kiingereza) 55, ukikata kwa moja na nati ya nyingine inaingia mizunguko miwili halafu inakwama, mteja anasema nati mbovu.

Mama_Filete
Hii njo neno la kwanza la maana lililotoka Dar leo.

Bongo_Kerezo
Asante mama, nakubali.

Kijana_CNC
Salamu kutoka Goma. Mimi naona munapoteza wakati. Mwaka gani huu munafundisha mutu kupiga tupa ku kibu? Mina za Kolwezi zinatafuta batu ba CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta). Ajifunze programu, G-kodi (lugha ya zile mashine), achore ku kompyuta, mashine inafanya.

Turneri_Mzee
Mashine inafanya kile umeiambia. Ukiiambia uongo inafanya uongo, haraka sana, na bureni ya bei inavunjika. Nani atashika chuma mu mandrini? Nani atajua kama ni mandrini ya meno tatu, ile inajibana yenyewe lakini inaweza kuwa imepotoka santiemu tano ao kumi, ao ya meno ine ile unapanga moja moja na komparateri mpaka santiemu moja?

Kijana_CNC
Mzee, vile vipimo vya kisasa havihitaji mukono.

Turneri_Mzee
Vile vipande vya chuma vya kuhakikisha palmeri, vile vinashikana bila gundi, vilianzishwa na Musuedi Johansson mwisho wa karne ya 19, mutu wa kiwanda cha bunduki. Unazani alivimaliza na kompyuta?

Masini_Mpya
Sasa tumeshafika Suedi. Ndugu wa Katuba yuko wapi?

Mama_Filete
Na mbele ya kusahau: Mwana_Katuba, pita INPP (chuo cha serikali cha ufundi) na Cité des Jeunes ya Basalesiani (mapadri wa Don Bosco), ulize tu programu zao na bei. Kuuliza hakulipishwi.

Mwana_Katuba
Niko hapa, nilikuwa Likasi jana. Nilikwangua rangi na kisu, chini imeandikwa TOS. Skrubu sijui, nilihesabu nyuzi mara mbili nikapata namba mbili. Kola mbili sikuweza kukereza ju umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi, mwenyewe alizungusha mandrini na mukono, anasema "ona vile inateleza". Inateleza kweli. Nilipitisha kidole juu ya banki, karibu na mandrini kuna kama ngazi kidogo, kucha inakwama. Ameshuka mpaka 2300 na anasema kuna mutu wa Kipushi anakuja juma hili.

Rulma_6205
Mutu wa Kipushi anakujaka kila juma. Kwangu alikuwa wa Kasumbalesa.

Bongo_Kerezo
TOS ni ya Czechoslovakia ya zamani, mashine nzuri, kwa kawaida skrubu yake ni ya milimita. Lakini kucha ikikwama kaka...

Mama_Filete
Banki inaweza kurekebishwa, kuna batu ba kukwangua hapa mujini, lakini bei yake uiweke juu ya 2300. Na varyateri. Na kamio. Fanya jumla kabla ya kulala.

Mwana_Katuba
Nilifanya jumla, sikulala. Leo nilipita kwa mzee wa Kampemba. Hakuniuliza feza. Aliniuliza kama niko na tupa yangu.

Turneri_Mzee
Na ulijibu nini?

Mwana_Katuba
Nilimwonyesha ile ninatumiaka ku sudure. Akacheka akaenda kuita bengine bakuje kuiona.

Masini_Mpya
Unaona? Kufagia kutaanza kesho.

Rulma_6205
Mutu akipata tupa muzuri ya nusu-laini isiyoteleza ku chuma, aseme aliitoa wapi. Zile za soko ya komini ya Kenya hapa Lubumbashi sasa hivi zinaisha meno ku juma moja.

Mama_Filete
Chora chokaa juu yake mbele ya kuanza, taka haishikani sana. Na usiipige ku eto kuisafisha.

Bongo_Kerezo
Samahani nikiwa hapo hapo, kuna mtu anauza palmeri ya 0 mpaka 25? Yaani, anauzisha.