Mwanamke peke yangu, Lamu kwa miguu: Matondoni, Kipungani hadi Shela inawezekana?

Mwalimu wa Malindi

Hamjambo wenyeji. Nafundisha hapa Malindi, kwetu ni Kitale. Likizo ya Agosti nataka kwenda Lamu peke yangu, bila kikundi. Gari sina na kuendesha sijui, kwa hiyo kisiwa ambacho hata mwenye gari lazima aliache Mokowe, gati la bara, kimenipendeza kabla sijakiona. Kutembea si shida kwangu. Jumamosi huwa nakwenda kwa miguu hadi daraja la Sabaki na kurudi kabla jua halijawa kali.

Nimeikodolea ramani macho. Naona mtu anaweza kutoka mjini Lamu asubuhi, akakata katikati ya mashamba hadi Matondoni, akashuka Kipungani, halafu akaufuata ufuo wa upande wa bahari kuu hadi Shela na kurudi mjini. Kwa kukadiria naona inakaribia kilomita 30. Je, siku moja inatosha? Njia inaonekana au nitazunguka minazini hadi magharibi? Nivae nini nisiwaudhi watu na nisife kwa joto? Na mwanamke peke yake, kweli, hali ikoje?

Stafurumu imegawanyika. Wanaume wanasema nitapotea, wanawake wanasema nitaolewa.

Binti Langoni

Karibu Lamu, mwalimu. Kuolewa ni juu yako, kupotea nitakusaidia. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mjini Lamu, na shamba letu la minazi liko njia ya Matondoni, kwa hiyo nusu ya kwanza ya safari yako ndiyo njia yangu ya kazi.

Kote huko kunapitika kwa miguu. Lakini safari yote usiitie katika siku moja, na kile kipande cha ufuo usikipite peke yako.

Kutoka mjini hadi Matondoni ni mwendo wa saa mbili hivi kwa mtu asiyefukuzwa. Unaupa mji mgongo, nyumba zinapungua, unaingia kwenye minazi na miembe. Kinachochosha si urefu, ni mchanga: mguu unazama, unautoa, unazama tena. Mabango hakuna. Kila shamba lina kijia chake, na vijia vyote mwanzoni vinafanana, kwa hiyo panapogawanyika inama uangalie chini. Mizigo ya huku inabebwa na punda. Palipo na kwato nyingi na mavi mabichi ndiyo njia ya watu. Kijia chenye majani yaliyosimama katikati kitakufikisha kwenye shamba la mtu, naye atakushangaa.

Ukikutana na watu, maliza salamu kwanza ndipo uulize njia. Usitoe swali ukiwa bado unatembea kama askari. Na hata kama wamekaa wanaume watatu, ukiona mwanamke muulize yeye. Mwanamume atakuonyesha njia kwa kidole. Mwanamke atakuonyesha njia, atakuuliza umekula, na atakupa mtoto akusindikize hadi mahali usipoweza kukosea tena.

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa vyombo. Utakuta mashua imeegemezwa magogo ufukweni, fundi amechuchumaa chini ya tumbo lake anashindilia pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, taratibu, ubao kwa ubao. Kaa kivulini utazame, hakuna atakayekufukuza. Kupiga picha omba kwanza. Ukishapumzika, rudi mjini kwa miguu kama nguvu ipo, au patana na chombo kinachorudi. Hiyo ni siku moja, tena imejaa.

Sasa ufuo. Kutoka Kipungani hadi Shela ni kilomita 12 za mchanga mtupu. Kivuli hakuna, duka hakuna, maji ya kunywa hakuna, na upande wa pili ni vilima vya mchanga tu. Katikati pale ukipiga kelele atakayekusikia ni kaa. Watu wamewahi kuporwa huko. Sikwambii ni kila siku, lakini mimi niliyezaliwa hapa sipiti peke yangu na hakuna anayeniita mwoga. Waambie wenyeji wako nyumba ya wageni wakutafutie mtu wanayemjua wao, si yule aliyekudaka gatini. Akiwa mwanamke wa Kipungani mwenye safari yake ya Shela, umepata bahati.

Usiogelee upande ule, hasa ukiwa huna wa kukuvuta. Kwenu Malindi mna mwamba unaovunja mawimbi, ndiyo maana kwenye hifadhi ya bahari maji yametulia. Ufuo wa Shela hauna mwamba mbele yake, ni bahari wazi, na Agosti upepo wa kusi bado unavuma.

Mavazi: suruali pana na fulana ya mikono mirefu, juu yake leso. Mjini, hasa Mkomani kwenye vichochoro vya misikiti, jifunike mabega na magoti. Buibui hakuna atakayekulazimisha. Vijana wa gatini watakuita mara kwa mara, "Dada, dau!" Jibu mara moja, kwa adabu, kwa Kiswahili, na miguu isisimame. Wakijua wewe ni mwalimu wa Malindi hawana muda na wewe, wanatafuta wenye dola.

Nahodha Mstaafu

Binti amesema vizuri ila amesahau maji kujaa na kupwa, na ufuo ule bila kujua maji utaulaani.

Mwalimu, angalia mwezi kabla hujakata tikiti ya basi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Yakipwa, ufuo unakuwa mpana na mchanga wa karibu na maji ni mgumu, unatembea kama uko sakafuni. Yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini, na kilomita 12 zile utazihesabu kama 20. Maji yanasogea kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo saa niliyotaja ni ya siku za bamvua tu. Wiki ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mambo yanageuka, asubuhi ile ile utakuta yamejaa.

Kwa hiyo: siku ya bamvua, ondoka mjini kwa chombo saa kumi na mbili asubuhi, wakati mkondo wa mikokoni bado una kina. Ukichelewa tutasukuma chombo matopeni, na wewe utasukuma pamoja nasi. Shuka Kipungani, kunywa chai, anza kutembea saa mbili. Utakuwa na maji yanayopwa karibu safari nzima na utaingia Shela kabla ya adhuhuri. Kusi itakupiga ubavu wa kulia, upande wa bahari. Msimu wa kaskazi ningekwambia ufanye kinyume, uanzie Shela, upepo ukusukume mgongoni.

Ukitaka magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda, hesabu ni nyingine kabisa. Kule chombo kinaingia kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, na yakianza kutoka unaondoka hata kama hujamaliza kupiga picha.

Mtembezi wa Ngong

Niliwahi kwenda peke yangu na nakubaliana na karibu yote. Ninaongeza mambo mawili.

Safari ya basi kutoka Malindi weka kitambulisho mfukoni, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Vizuizi vipo, mnashushwa, mnakaguliwa, mnapanda. Chukua basi la asubuhi ili uvuke Mokowe kukiwa bado mchana. Lami imefika, kwa hiyo si ile safari ya vumbi ya hadithi za zamani.

La pili, mlinzi wako wa njiani mweleze kabla kwamba unataka kutembea, si kusimuliwa. Wangu alikuwa kijana mwema sana, lakini alinieleza historia ya kila mti na kuniuliza kwa nini sina mume hadi nikatamani kupotea. Bei mpatane mbele ya mwenye nyumba ya wageni, na chakula chake cha mchana kiwe ndani ya hesabu, msije kubishana Shela juani.

Kijana wa Shela

Mnamtisha dada wa watu bure. Shela ni salama, nimekulia hapa, wanawake wa Kizungu wanakimbia mazoezi ufuoni kila asubuhi peke yao. Aje atembee.

Binti Langoni

Kijana wa Shela, hao wanaokimbia mazoezi wanaishia wapi? Wanaishia pale nyumba za mwisho zinapoonekana bado, kisha wanageuka. Hapo hata mimi naenda na watoto. Mwalimu anaulizia zile kilomita ambazo hata wewe huendi bila wenzako, na unajua. Wewe ni mwanamume, ukikutana na watu wawili wasiojulikana kule unasalimia unapita. Yeye anaanza kupiga hesabu. Hakuna aliyesema Lamu ni mbaya.

Mwalimu wa Malindi

Ahsanteni sana, hasa nahodha. Nimeshachukua kalenda ya mwezi nimeipiga mistari. Siku ya kwanza Matondoni peke yangu, siku ya bamvua Kipungani kwa chombo halafu ufuo nikiwa na mwenzangu wa njia. Maswali ya mwisho: nilale mjini au Shela? Viatu gani? Na kutoka mjini hadi Shela je, hapo napita peke yangu?

Binti Langoni

Lala mjini. Shela ni kutulivu na kuzuri, lakini bei zake zimewekewa watu wa ndege. Mjini unaamka na mahamri na mbaazi za kununua mlangoni, na jioni watu wako barazani, mwanamke akitembea peke yake haonekani ni jambo. Chagua nyumba ya wageni ambayo kuna mama anayeonekana asubuhi na jioni, ukafahamiane naye siku ya kwanza. Huyo ndiye atakayeuliza "Mwalimu hajarudi?" ukichelewa, na swali hilo lina kazi kuliko simu, maana mtandao huko mashambani huja na kuondoka.

Mjini hadi Shela ni kama kilomita 3 kando ya bahari, mwendo wa dakika 40 au zaidi kidogo. Mchana pita peke yako bila wasiwasi, watu hawakatiki. Maji yakiwa juu utalowa miguu mahali pengine. Magharibi ikikukuta Shela, panda boti ya abiria pamoja na wengine, usirudi kwa miguu gizani kwa kuokoa nauli.

Viatu: vya kufunga, vyepesi, kwa njia ya Matondoni, kwa sababu mchanga wa saa tano unachoma. Ufuoni vua utembee peku kwenye mchanga mgumu, ila uwe na soksi kuukuu, utakuja kunishukuru. Maji ya kunywa lita tatu, usidanganywe na upepo kwamba huna kiu. Na vile vilima vya mchanga nyuma ya Shela usivipande panda na kutupa chupa, maji ya visima tunayotumia mjini yanachujwa chini yake.

Vichochoroni ukisikia kwato nyuma yako, bana ukutani upande ambao punda hana tenga la mawe. Bodaboda Mji wa Kale zimekatazwa, lakini ukitoka nje ya mji utazisikia, usishangae.

Halafu Mokowe. Ukishuka basini mikono mitano itashika begi lako kwa wakati mmoja. Lishike wewe mwenyewe hadi ujue ni boti gani inaondoka na nauli ni ngapi, ndipo umpe mmoja.

Nahodha Mstaafu

Na aketi katikati ya boti, si mbele. Agosti mbele kunalowa.