Canter 4D33 haivuti kupanda Soni, moshi mweusi: nozeli au pampu?

Mpanda_Usambara
Wakuu, heshima kwenu. Nina Canter ya injini ya 4D33, haina turbo (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi), inabeba saruji mifuko 60 kutoka Pongwe kwenda Lushoto. Tambarare mpaka Mombo haina shida. Ikianza kupanda mlima wa Soni inadai gia ya pili pale ilipokuwa ikipita na ya tatu, na nyuma moshi mweusi tii. Asubuhi ikiwaka inagonga na kutetemeka, ikipata moto inatulia kidogo. Eyakilina (kichujio cha hewa) na filta ya dizeli ni mpya. Fundi mmoja hapa Ngamiani, Tanga, anataka aongeze kipimo cha dizeli kwenye pampu. Nimruhusu?

Gereji_Chuda
Usimruhusu, mkuu. Moshi mweusi ni dizeli iliyoingia bila kuungua yote. Ukiongeza nyingine unaongeza moshi na joto, na pistoni ndizo zitakazolipa. Filta ya dizeli ikiziba hukosesha nguvu bila moshi wa namna hiyo, kwa hiyo hata isingekuwa mpya nisingeishuku. Anza na nozeli, zile ncha za injekta zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda.

Injini hiyo inapiga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na nozeli yake ina matundu kadhaa madogo sana. Yakiwa safi, dizeli inatoka kama ukungu na kila tundu lina upande wake ndani ya bakuli la pistoni. Kaboni ikishika tundu, mnyunyizo unapinda, matone yanakuwa makubwa na yanachelewa kuungua. Mengine yanapiga ukuta wa silinda, yanaosha oili na kushuka nayo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Vuta kijiti cha oili: kama kiwango kimepanda na kinanuka dizeli, jibu unalo.

Halafu kuna springi inayoikandamiza sindano ya ndani ya nozeli. Ikichoka, sindano inafunguka kwa presha ndogo, dizeli inaingia kabla ya wakati wake. Mlio wako wa asubuhi nauona hapo.

Spana_Mkononi
Kabla hujafungua kitu, tafuta silinda yenye tatizo. Injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagiwa mafuta), legeza kidogo nati ya bomba la presha kwenye injekta moja, sikiliza, kaza, nenda nyingine. Injini ikishuka, silinda hiyo inafanya kazi. Isipobadilika, ni hiyo. Na mlio ukikatika ukilegeza bomba fulani, nozeli ya hapo inadondosha. Funika nati kwa tambara na usipeleke kidole: presha ile inapenya ngozi, na dizeli ikiingia mwilini ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama tundu halionekani.

Mzee_wa_Pongwe
Mnamzungusha kijana. Anunue nozeli nne mpya, afunge, apande mlima.

Gereji_Chuda
Mzee wangu, shikamoo. Nozeli mpya ukiifunga kwenye springi ileile bila kuipima, presha inabaki palepale. Na siku hizi kuna mpya zinazodondosha zikitoka kwenye boksi. Zote nne zipande kwenye mashine ya kupimia. Presha ya kufungukia ifuate kitabu cha injini hiyo, zisipishane. Presha hiyo hurekebishwa kwa shimu, vibati vyembamba vya kwenye springi; kiasi inachobadilika hutegemea springi. Kisha shikilia presha baa 10 hadi 20 chini ya ile ya kufungukia kwa sekunde 10: ncha isidondoshe.

Kusafisha ni kuloweka na kupiga brashi ya shaba, si ya chuma, wala usichokoe matundu kwa waya wowote utakaouokota. Sindano na mwili wake vimesagwa pamoja, usichanganye ya namba moja na ya namba tatu. Wakati wa kufunga weka washa (pete) mpya za shaba chini ya injekta, na hakikisha ya zamani haikubaki chini ya shimo. Zikikaa mbili, ncha inapanda juu na mnyunyizo unakosa bakuli. Kosa hili ni la kawaida mno, na gari hurudi likiwa baya kuliko lilivyokuja.

Mpanda_Usambara
Ahsanteni. Zikipimwa zikawa sawa je? Kuna aliyeniambia ni hewa ya milimani.

Spana_Mkononi
Mombo iko karibu mita 400 juu ya bahari, Lushoto karibu 1,400. Huko juu hewa inapungua takribani sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na turbo lazima ipungukiwe kidogo. Ila yako inagonga asubuhi hapa Tanga, usawa wa bahari. Hiyo si hewa.

Nozeli zikiwa sawa, pima kompresheni (mgandamizo wa silinda), kliaransi (nafasi) ya valvu na taimingi ya pampu, yaani wakati inapopiga dizeli. Na kabla ya yote angalia ekzosi breki, ile inayoziba bomba la moshi ili kupunguza mwendo, maana kushuka Soni unaitumia sana. Kile kipepeo chake kikinasa nusu, moshi haupati pa kutokea, gari inakuwa nzito na inatoa moshi mweusi. Mtu akubonyezee swichi, wewe uwe chini uangalie kama mkono wake unarudi mpaka mwisho.